Degedege haisubiri foleni

MVUA zinaponyesha mkoani Geita, mashimo yaliyoachwa na wachimbaji wadogo wa dhahabu hujaa maji, na mbu huzaliana humo. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulibaini vimelea vya malaria kwa asilimia 13 ya watoto wa chini ya miaka mitano Geita na asilimia 16 Shinyanga, wakati wastani wa nchi ulikuwa asilimia 8.

Wengi wa watoto hao hupona kwa vidonge. Hatari huanza pale vimelea vinapoharibu chembe nyekundu za damu kwa wingi au kuziba mishipa midogo ya ubongo. Mtoto huishiwa damu, sukari mwilini hushuka, hupumua kwa shida, kisha hushikwa na degedege. Mchana alikuwa akicheza. Alfajiri anaweza kuwa hajitambui.

Hapo ndipo muda hupotea. Wapo wazazi ambao bado huihusisha degedege na mashetani, na imani kwamba mtoto wa namna hiyo akichomwa sindano atakufa imewapeleka wengi kwa mganga kwanza. Ukweli ni kinyume chake, kwani sindano ndiyo tiba. Utafiti uliotangazwa mwaka 2010, uliohusisha watoto 5,425 katika nchi tisa za Afrika, Tanzania ikiwamo, ulionyesha kuwa vifo vilikuwa asilimia 10.9 kwa waliopewa kwinini na asilimia 8.5 kwa waliopewa atesuneti. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani (WHO) liliipendekeza atesuneti kwa watoto wenye malaria kali.

Si kila lililozoeleka wodini lilikuwa sahihi. Kwa miaka mingi mtoto mwenye homa kali na mikono ya baridi alimiminiwa maji mengi ya dripu kwa haraka. Utafiti mwingine, uliofanyika Kenya, Uganda na Tanzania na kutangazwa mwaka 2011, ulikuta kwamba waliopewa maji hayo walikufa zaidi, takriban asilimia 10.5 dhidi ya 7.3 ndani ya saa 48. Watoto wanaoharisha hawakuwa sehemu ya utafiti huo. Hao upungufu wa maji ndio unaowaua.

Kwa aliyeishiwa damu, dripu haiwezi kushika nafasi ya damu yenyewe, nayo haihifadhiwi katika zahanati ya kijiji. Ndiyo sababu rufaa haipaswi kungoja asubuhi.

Mtoto anayeweza kumeza anyonyeshwe, au apewe maji yenye sukari kabla ya safari: vijiko vinne vidogo vya sukari katika kikombe cha maji safi cha mililita 200. Aliyepoteza fahamu au anayetetemeka asiwekewe kitu chochote mdomoni. Alazwe ubavu, na apelekwe.