Kabla ya kununua Probox iliyotumika Kisii

Katika barabara za milima za Kisii na Nyamira, Toyota Probox huwabeba abiria, ndizi na mizigo mingine mizito. Hivyo basi, anayetaka gari la aina hiyo la kumpeleka kazini kila siku hana budi kuuliza kwanza lilikuwa likifanya kazi gani, kwani rangi mpya huficha mengi.

Fundi wako, wala si wa muuzaji, akague springi, chesisi na mabomba ya breki. Kisha liendeshe mlimani, ukipanda na kuteremka. Breki dhaifu huhatarisha maisha mteremkoni.

Hatimaye, linganisha nambari ya chesisi na iliyo kwenye logbuku, uthibitishe mmiliki katika rekodi za mamlaka ya NTSA. Jina likitofautiana na la muuzaji, usilipe.