Tuzo za Oscar: Usiulize Nyota, Uliza Wapiga Kura

Kila mwaka, tangu Septemba hadi Machi, wapenda sinema wa Marekani na wa nchi nyingine nyingi hushikwa na homa ya kutabiri. Nani atatwaa tuzo ya Oscar? Picha gani itaitwa bora? Magazeti hutoa orodha, wacheza kamari huweka fedha zao, na marafiki hubishana mpaka usiku wa manane. Sisi hatuoni ubaya wa ubishi huo, kwa maana ubishi mwema hunoa akili. Lakini twapenda kuwakumbusha wasomaji wetu jambo moja lisahauliwalo upesi: tuzo hizi hupigiwa kura. Na penye kura, atakaye kumjua mshindi hapigi ramli. Huuliza ni nani wapigao kura.

Wapigao kura hizo ni watu wa kazi ya sinema wenyewe: waigizaji, waongozaji, waandishi, wapiga picha, wabuni wa mavazi, mafundi wa sauti na wengineo. Leo idadi yao yapita 9,000, na kundi lililo kubwa kuliko yote ni la waigizaji. Wengi wao ni wanachama pia wa vyama vya kazi zao, na vyama hivyo hutoa tuzo zake kabla ya Oscar. Kwa hiyo mtabiri mwerevu hutega sikio huko. Wazee walisema, mcheza kwao hutuzwa.

Afrika ya Mashariki ina sababu ya kulikumbuka somo hili. Mwanzoni mwa 2014 ubishi ulikuwa mkali baina ya waliomtaka Lupita Nyong'o, binti wa Kenya aliyeigiza katika 12 Years a Slave, na waliomtaka Jennifer Lawrence wa American Hustle. Tuzo ya Golden Globe, iliyotolewa wakati huo na waandishi wa habari wasiofika mia moja, ilimwendea Lawrence. Tuzo ya BAFTA ya Uingereza nayo ikamwendea yeye. Lakini chama cha waigizaji wa Marekani kilikuwa kimekwisha kumchagua Lupita, na tarehe 2 Machi 2014 Oscar ikawa yake. Aliyehesabu kelele za magazeti alikosea. Aliyehesabu kura za wafanyakazi alipata.

Yalikuwa vivyo hivyo 2020. Vyama vya watayarishaji na vya waongozaji viliituza picha iitwayo 1917, na Uingereza ikafanya hivyo pia. Waigizaji walikipa tuzo yao kikundi cha Parasite, picha ya Korea ya Kusini. Nayo ikashinda, ikawa picha ya kwanza yenye mazungumzo ya lugha isiyo Kiingereza kupata Oscar ya picha bora.

Ajabu ya mambo haya imo katika historia. Akademi itoayo Oscar ilianzishwa 1927 kwa shauri la Louis B. Mayer, mmoja wa wakubwa wa studio za Hollywood. Mwishoni mwa 1926 mafundi wa studio walikuwa wamekwisha kupata mkataba kupitia vyama vyao, na wakubwa hawakutaka waigizaji na waandishi wafuate njia hiyo. Akademi ilitarajiwa kusuluhisha migogoro bila ya vyama. Machi 1933, wakati wa dhiki ya uchumi, studio zilikata mishahara kwa nusu kwa muda wa majuma manane, na Akademi ikaunga mkono. Wafanyakazi hawakusubiri zaidi. Mwaka huo huo waandishi wakaunda chama chao, na waigizaji chao. Mwaka 1936 vyama viliwataka wanachama waisusie sherehe ya tuzo, na mwandishi Dudley Nichols akaikataa Oscar aliyopewa kwa picha The Informer. Haukupita muda mrefu Akademi ikajitoa katika mambo ya mishahara na mikataba. Leo vyama vile vile vilivyotakiwa visizaliwe ndivyo vitazamwavyo na kila atakaye kujua nani atashinda.

Hata hivyo hatusemi kwamba kura ya chama haikosei kamwe. Mwaka 2021 waigizaji walimtuza marehemu Chadwick Boseman, na karibu kila mtu aliamini Oscar ni yake. Hata tuzo hiyo iliwekwa mwisho wa sherehe. Bahasha ilipofunguliwa, jina lilikuwa la Anthony Hopkins, naye hakuwapo ukumbini. Mwenye kura huchagua peke yake, na hapo ndipo heshima ya kura ilipo.

Lakini liko jambo baya kuliko utabiri ulioshindwa, nalo ni utabiri uliochukua mahali pa hukumu. Makampuni hutumia fedha nyingi kwa matangazo na karamu ili kuwavuta wapiga kura. Mwaka 1999 Shakespeare in Love ilipoishinda Saving Private Ryan, ubishi juu ya kampeni ya aina hiyo ulidumu miaka mingi. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini siku hizi hata chema hutembezwa, na mnunuzi hushindwa kukitambua. Tena, katika mafungu mengi ya tuzo, mtu aliweza kuzipigia kura picha asizozitazama. Ni Aprili 2025 tu Akademi ilipotangaza kwamba asiyetazama picha zote za fungu hataruhusiwa kulipigia kura ya mwisho. Sharti hili ni jema, nasi twashangaa kwamba lilichelewa karibu miaka mia.

Basi, ndugu wasomaji, bishaneni. Lakini swali la nani atashinda lisilimeze swali la nani anastahili. La kwanza ni hesabu, na hesabu hiyo hujibiwa kwa usiku mmoja. La pili ni hukumu ya kazi ya binadamu mwenzetu, na hapana budi aitoaye awe ameitazama kazi hiyo kwa macho yake mwenyewe.