Duara Tupu, Duara Lililojazwa

Ninafundisha hisabati hapa Nyaramba, Nyamira Kaskazini, na wengi wa wanafunzi wangu wamekulia katikati ya michai na migomba. Mada inayowatatiza sana ni ya kutolingana: zile hesabu ambazo jibu si namba moja bali kundi zima la namba. Mtoto aliyezoea kuandika x = 4 na kupiga mstari chini yake anapata x ≤ 4, na anaona kama hesabu haijaisha.

Imeisha, ila jibu lake huonekana vizuri likichorwa. Chora mstari wa namba: sifuri katikati, namba chanya kulia, hasi kushoto. Namba yoyote ni kubwa kuliko iliyo kushoto kwake. Penye mpaka weka duara dogo, kisha mshale uelekee upande wenye majibu. Alama < na > zilichapishwa mwaka 1631 katika kitabu cha Mwingereza Thomas Harriot, miaka kumi baada ya kifo chake, na watoto huzishika upesi. Kinachotaka akili ni lile duara. Lijazwe au liachwe tupu? Mpiga kura Kenya ni wa miaka 18 au zaidi. Aliyetimiza 18 leo hii yumo, basi duara linajazwa.

Tuchukue mama anayekwenda sokoni na shilingi 1,000. Tuseme pakiti ya unga ni shilingi 150, naye lazima arudi na angalau shilingi 400. Atanunua pakiti ngapi? Tunaandika 1,000 − 150x ≥ 400. Tukitoa 1,000 pande zote mbili, inabaki −150x ≥ −600. Tukigawanya kwa −150, alama inageuka: x ≤ 4.

"Mwalimu, kwa nini inageuka?"

Nalipenda swali hili, na sikubali kulijibu kwa kusema ndivyo kanuni ilivyo. Mbili ni ndogo kuliko tano. Zizidishe zote kwa −1, uzitazame kwenye mstari: zimevuka sifuri, na ile iliyokuwa mbali zaidi kulia sasa ndiyo iliyo mbali zaidi kushoto. Anayedaiwa shilingi 200 ana nafuu kuliko anayedaiwa 500. Asiyegeuza alama atapata x ≥ 4, yaani mama anunue pakiti nne, kumi, hata mia, na zile 400 bado ziwe mkononi! Hakuna mtoto wa hapa anayelikubali hilo, maana wao ndio wanaotumwa dukani kila jioni. Ndiyo sababu nawahimiza wajaribu namba kila mara. Weka 3: zinabaki 550, sawa. Weka 5: zinabaki 250, hapana.

Mchoro wenyewe nao una jambo lake. Nusu pakiti haiuzwi, kwa hiyo jibu la mama ni vitone vitano tu, kuanzia 0 hadi 4. Majani ya chai yanayopimwa kituoni ni mambo mengine: mizani inaweza kusoma kilo 12, au 12.5, au chochote kati ya hizo, na hapo mstari unajazwa wote. Kabla ya kushika rula, uliza x ni kitu gani.

Darasa likishaelewa, nawapa Ibara ya 138 ya Katiba ya 2010. Mshindi wa urais anatakiwa kupata zaidi ya nusu ya kura zote zilizopigwa, na angalau asilimia 25 ya kura katika kila moja ya zaidi ya nusu ya kaunti. Penye 50 duara ni tupu, kwa kuwa nusu kamili haitoshi. Penye 25 linajazwa. Kaunti ni 47, nusu yake ni 23.5, na kaunti haikatwi vipande. Basi zinahitajika 24.

Mwaka 2022 William Ruto alitangazwa kuwa na asilimia 50.49, kitone kilichokaribiana sana na lile duara tupu. Kura zilizokataliwa zingeingizwa kwenye jumla, asilimia ingeshuka na kitone kingesogea kushoto. Mahakama ya Juu ilishikilia kwamba haziingii, kama ilivyoamua mwaka 2013.