Umeketi nao, je, upo nao?



Dominika hii nakuomba uingie nami katika chuo chochote cha elimu ya juu hapa nchini. Chini ya mwembe wameketi wanafunzi sita. Mhadhiri amewapa kazi ya kikundi, na siku ya kuwasilisha ni keshokutwa. Mmoja anasoma swali kwa sauti. Anapoinua macho, anaona vichwa vitano vimeinama, kila mmoja na simu yake.

Simu si dhambi. Wanafunzi wengi hawana kompyuta. Simu ndiyo maktaba yao, ndiyo daftari lao. Swali langu ni jingine: unapoketi na wenzako, je, upo nao?

Injili ya Mathayo, sura ya 26, inatupeleka Gethsemane. Yesu aliwachukua Petro, Yakobo na Yohane, akawaomba jambo moja: wakeshe pamoja naye. Walikuwapo kwa mwili, lakini usingizi uliwazidi, na Bwana akaibeba saa ile peke yake. Sisi macho tunayo wazi, ila yameganda kwenye kioo cha simu.

Katika kikundi, anayeachwa peke yake ni yule anayekesha akiandika kwa niaba ya wote. Siku ya kuwasilisha, majina sita yanasomeka kwenye jalada, na wote wanapata alama zilezile. Hapo suala la simu linakuwa suala la haki. Kupokea alama usizozitolea jasho ni kuchukua cha mwenzako. Kuandika jina la asiyefanya kazi ni kushuhudia uongo. Amri ya saba na ya nane haziishii getini mwa chuo. Na kumbuka, hao ndio wauguzi, walimu na wahandisi wetu wa kesho. Asiyemsikiliza mwenzake chini ya mwembe, atamsikilizaje mgonjwa wodini?

Wazazi nasi walezi tusinyooshe kidole haraka. Tarehe 29 Desemba 2019, Sikukuu ya Familia Takatifu, Papa Fransisko alizihimiza familia zirudi kuzungumza, hata mezani, badala ya kila mtu kuzama katika simu yake. Mtoto anayejibiwa "eeh" na mzazi asiyeinua uso, amekwisha kufundishwa.

Kijana wangu, anza wiki hii. Mkikutana, simu ziingie mkobani. Inayohitajika kutafuta jambo ibaki moja, mezani, mbele ya wote. Kila mtu aseme sehemu yake ni ipi. Na yule asiyeinua kichwa, msimfute jina kimyakimya. Mwulizeni kwanza, huenda anasubiri habari za mgonjwa nyumbani.

Bwana aliwaamsha wanafunzi wake, wala hakuwafukuza. Tuamshane.

Nawatakia Dominika njema.