Mwenye Jengo ni Nani?

Leo Varadkar alipokuwa waziri wa afya wa Ireland, kati ya 2014 na 2016, aliwahakikishia wananchi kwamba hospitali mpya ya taifa ya watoto ingekuwa imesimama Dublin ifikapo 2020, labda tu kimondo kiigonge dunia. Kimondo hakikuja. Februari 2024 serikali iliidhinisha nyongeza iliyofikisha gharama yote, ujenzi pamoja na maandalizi ya kuhamia, kwenye euro bilioni 2.24, na mafundi walikuwa bado wamo ndani. Tarehe ya kumaliza imeahirishwa zaidi ya mara kumi.

Ukifuatilia mjadala wa Ireland utadhani mkosaji ni mkandarasi, kampuni ya BAM, au waziri huyu au yule. Kwa maoni yangu chanzo kimejificha mahali ambapo waandishi wa habari hawapendi kuchungulia: chati ya uongozi. Nani anamteua nani, nani anatoa taarifa kwa nani, na hasa nani anaumia mfukoni pale bei inapopanda.

Taasisi inayojenga hospitali hiyo inajulikana kwa herufi NPHDB. Ni bodi ya umma iliyoundwa mwaka 2007 kwa amri ya waziri wa afya, chini ya sheria ya mwaka 1961 ya mashirika ya afya. Imepewa kazi moja tu: kupanga, kujenga na kuweka vifaa katika hospitali moja, kisha kuikabidhi. Haitibu mtoto hata mmoja. Haina mapato yake. Wajumbe wanateuliwa na waziri. Chini yao kuna ofisi ya watendaji, na nje ya ofisi wapo wasanifu majengo, wakadiriaji majenzi na wanasheria wanaolipwa kwa mkataba. Kwenye karatasi ni muundo mwepesi na wa busara.

Miaka ya mwanzo ilikwenda kombo. Mwenyekiti wa kwanza, Philip Lynch, aliondoka Oktoba 2010 baada ya kutofautiana na waziri Mary Harney. Mrithi wake naye alijiuzulu mwaka uliofuata. Februari 2012 mamlaka ya mipango miji ilikataa kabisa mchoro wa kujenga kwenye eneo la hospitali ya Mater, kwa sababu jengo lingekuwa refu na kubwa mno kwa mandhari ya katikati ya jiji. Mamilioni ya euro yalikuwa yamekwishatumika kwenye michoro. Novemba mwaka huohuo serikali ikachagua uwanja wa hospitali ya St James's, na mwaka 2013 bodi ikasukwa upya ikiwa na watu wa ujenzi. Mwenyekiti akawa Tom Costello, aliyewahi kuongoza kampuni kubwa ya ukandarasi.

Hapo ndipo pa kutazama vizuri. Serikali ilibadilisha watu, ikaacha chati ilivyo.

Na chati yenyewe ilizidi kurefuka. Juu ya NPHDB iliwekwa kamati ya usimamizi chini ya mmoja wa viongozi wa HSE, mamlaka ya taifa ya huduma za afya inayopitisha fedha. Juu ya hiyo ikawekwa bodi nyingine chini ya katibu mkuu wa wizara ya afya. Kisha waziri, kisha wizara inayoshughulikia matumizi ya serikali, kisha baraza la mawaziri. Kila ngazi iliwekwa kwa nia njema ya kulinda fedha za walipakodi. Lakini habari mbaya ikipanda ngazi tano, kila mmoja ana sababu nzuri ya kusubiri takwimu zithibitishwe kabla ya kumgongea mlango aliye juu yake. Bei ilianza kuonyesha dalili ya kupasuka katikati ya 2018; baraza la mawaziri lilifanya uamuzi Desemba, wakati hapakuwa na njia nyingine ya maana iliyobaki.

Mfano unaochekesha, kama una moyo wa kucheka, ni wa afisa mkuu wa manunuzi wa serikali. Alikuwa mjumbe wa bodi ya NPHDB. Mtu wa kawaida angedhani hazina ilikuwa na jicho lake ndani ya chumba cha mkutano. Mambo yalipolipuka mapema 2019, maelezo yakawa kwamba aliketi pale kwa nafsi yake, si kama mwakilishi wa wizara, na hakuwa na wajibu wa kupeleka habari za bodi kwa waziri wake. Kisheria ni hoja yenye uzito. Kwa mwananchi aliyeahidiwa ulinzi wa kodi yake, ni kiti kilichokaliwa na mtu aliyefungwa mdomo.

Upande wa mtumiaji hali ilikuwa ngeni zaidi. Hospitali hii inaunganisha hospitali tatu za watoto za Dublin, zile za Crumlin, Temple Street na Tallaght, kila moja ikiwa na historia, madaktari na desturi zake. Chombo kinachoziunganisha, Children's Health Ireland, kilizaliwa kisheria tarehe 1 Januari 2019. Mkataba wa ujenzi ulikuwa umesainiwa 2017. Kabla ya hapo kulikuwa na kundi la uratibu, lakini halikuwa mwajiri wa wauguzi wala mmiliki wa bajeti za hospitali zote tatu. Basi mwenye nyumba alipatikana ukuta ukiwa tayari unapanda.

Mkataba nao ulihitaji mwenye nyumba mkali. Ili kuokoa muda, NPHDB ilitumia zabuni ya hatua mbili. Mkandarasi alichaguliwa kwa michoro ya awali na vipimo vya kukadiria, akaanza kuchimba na kumwaga msingi huku wasanifu wakiendelea na michoro kamili. Michoro ikikamilika, pande mbili zinakaa kukubaliana bei ya juu isiyopaswa kuvukwa. Faida yake ni kwamba kazi inaanza mapema. Hatari yake ni kwamba kila waya, kila bomba na kila mlango uliosahauliwa kwenye vipimo vya awali unarudi mezani wakati shimo limeshachimbwa na mkandarasi yumo ndani. Aprili 2017 serikali iliidhinisha euro milioni 983. Desemba 2018 ikaidhinisha bilioni 1.433. Kulikuwa na nafasi ya kuachana baada ya hatua ya kwanza na kutangaza zabuni upya, ila hesabu zilionyesha kuachana kungegharimu zaidi. Mlango wa kutokea ulikuwepo kwenye mkataba. Kwa vitendo ulikuwa umefungwa.

Ripoti ya washauri wa PwC ya Aprili 2019 ilirudisha kidole kwenye hatua ya kupanga na kuandaa bajeti: makadirio dhaifu, dalili za hatari zilizopuuzwa, na usimamizi ulioridhika mapema mno. Costello alishajiuzulu Februari. Nafasi yake ilichukuliwa na Fred Barry, aliyewahi kuongoza mamlaka ya barabara, na David Gunning, aliyetoka kwenye shirika la misitu la serikali, akashika utendaji. Wote wawili wazoefu, na kwa haki yao walikuta deni la maamuzi ya wengine. Kuanzia hapo kazi kubwa ya taasisi ikawa kupigana: maelfu ya madai ya nyongeza kutoka kwa mkandarasi, wasuluhishi, mahakama, na mabishano kuhusu chumba kipi kimekwisha kweli kati ya vyumba zaidi ya 5,000. Taasisi iliyoajiriwa kujenga ikageuka kwa sehemu kubwa kuwa ofisi ya kutetea malipo.

Norway wameipanga biashara hii vingine. Serikali kuu ilichukua hospitali kutoka mikoani mwaka 2002 na kuziweka chini ya mamlaka za kanda, ambazo leo ni nne. Mwaka 2014 mamlaka hizo ziliunda kwa pamoja shirika la Sykehusbygg, makao yake Trondheim, kusimamia miradi mikubwa ya hospitali nchini. Tofauti ya kwanza ni ya umri: shirika halifi jengo likiisha. Mhandisi aliyejifunza kwa uchungu namna ya kupitisha hewa safi kwenye chumba cha upasuaji anapeleka ujuzi huo mradi unaofuata, na vipimo vya vyumba vinahifadhiwa, havibuniwi upya kila mara.

Tofauti ya pili ndiyo ninayoiona nzito. Sykehusbygg si mwenye mradi. Mwenye mradi anabaki kuwa mamlaka ya kanda na hospitali zake, nayo hukopa kutoka serikalini sehemu kubwa ya gharama na kulirejesha deni kutoka bajeti ya uendeshaji. Daktari bingwa akidai mita za ziada, mkurugenzi wake anajua riba yake italipwa kwa miaka mingi kutoka fungu lilelile la mishahara na dawa. Neno "hapana" linatamkwa na mtu anayelipa. Nchini Ireland lilitakiwa litamkwe na bodi isiyo na fedha zake, kwa niaba ya hazina, dhidi ya mtumiaji asiyelipa.

Mfumo huo si wa malaika. Mpango wa kufunga hospitali ya Ullevål mjini Oslo na kujenga upya Aker na Rikshospitalet umepingwa kwa miaka na madaktari, vyama vya wafanyakazi na wanasiasa wa jiji. Hoja moja inajirudia: deni linabana jengo, hospitali inafunguliwa ikiwa finyu kwa wagonjwa waliopo, seuze wajao. Malipo yanapokaa karibu na mtumiaji, kosa linageukia upande wa udogo. Hata hivyo kosa hilo linaonekana kwenye vitabu mapema, na watu wanagombana kabla ya msingi kumwagwa. Kwangu hiyo ni heri.

Jimbo la New South Wales, Australia, lina Health Infrastructure tangu 2007, nayo ni taasisi ya kudumu yenye orodha ndefu ya miradi. Uingereza imechelewa kulijua somo hili. Mwaka 2020 serikali iliahidi hospitali 40 ifikapo 2030, ikizisukuma kupitia programu moja ya kitaifa yenye wazo la mchoro wa kawaida kwa wote. Julai 2023 wakaguzi wa hesabu za serikali walisema lengo halitafikiwa, na Januari 2025 waziri Wes Streeting aliigawa miradi kwa mawimbi, baadhi ujenzi wake hautaanza hadi mwishoni mwa miaka ya 2030. Pale muundo wa kudumu ulipatikana. Fedha za kudumu hazikupatikana, na wakandarasi hawaajiri wala kununua mitambo kwa kutegemea ahadi inayobadilika kila waziri mpya anapoingia.

Kwa Ireland swali sasa ni la siku itakayofuata kukabidhi. Kisheria NPHDB iliundwa kwa hospitali moja na vituo vyake viwili vya dharura ndogo, cha Connolly kilichofunguliwa 2019 na cha Tallaght cha 2021. Ndani ya ofisi yake wamo watu ambao pengine ndio wanaoujua kuliko wote katika nchi hiyo mkataba wa hospitali kubwa unavyovunjika, na kwa bei gani. Mradi mkubwa unaofuata Dublin, hospitali mpya ya taifa ya uzazi huko Elm Park, uliidhinishwa kuhamia eneo hilo Mei 2022. Hauko chini ya NPHDB.