Fundisho la Tisa: Walioitwa Isidori



Wakristu wapendwa, na ninyi wakatekumeni mnaojitayarisha kwa ubatizo. Siku chache kabla ya kubatizwa watoto, bibi mmoja alinijia jioni, mjukuu wake mgongoni, akaniomba nifute jina katika daftari. Wazazi walikuwa wamemchagulia mtoto jina la Isidori, kwa ajili ya Mwenye heri Isidori Bakanja wa nchi yetu ya Kongo. Bibi akasema: «Mwalimu, huyo alikufa kwa fimbo. Ndugu yake mtoto huyu tulimzika mwaka jana. Sasa mwataka kumpa huyu jina la mtu aliyeteswa, ili ateswe naye?»

Sikumcheka. Wengi kati yenu mwafikiri vivyo hivyo, ijapokuwa hamthubutu kusema mbele ya Padri. Wazee wetu walishika toka zamani ya kuwa jina si sauti tupu, na ya kuwa mtoto apewaye jina la marehemu hupokea pamoja nalo kitu cha marehemu, bahati yake au msiba wake. Nasi Wakristu twamwita «somo» yule mtakatifu ambaye twashiriki naye jina letu la ubatizo. Je, somo hutupa na ajali yake? Tuwatazame wale walioitwa Isidori, tuone kama jina moja liliwapeleka wote njia moja.

Kwanza jina lenyewe. Isis alikuwa mungu wa kike wa Wamisri wa kale, na Wagiriki nao walimwabudu. Isidoros katika lugha ya Kigiriki maana yake ni «zawadi ya Isis». Naam, jina lililotoka kwa mungu wa uongo limo katika kalenda ya Kanisa! Watu waliozaliwa katika upagani walibatizwa wakabaki na majina yao, nao wengine wakafa kwa ajili ya Kristu wakiitwa hivyo. Kama jina lingekuwa na nguvu ya kumvuta mtu, hao wangalirudi kwenye hekalu la Isis.

Isidori ajulikanaye sana kwa elimu ni Askofu wa Sevilla katika nchi ya Hispania. Alizaliwa karibu na mwaka 560. Kaka yake, Mtakatifu Leandri, ndiye aliyemlea na kumfundisha, kisha Isidori akamfuata katika kiti cha uaskofu. Mwaka 633 aliongoza mkutano wa maaskofu mjini Toledo, ambapo iliamriwa vijana wanaojitayarisha kwa upadri wafundishwe vema. Aliandika kitabu kikubwa chenye sehemu 20, akieleza mambo ya mbingu na nchi, wanyama, magonjwa, majengo, hata vyombo vya nyumbani. Katika kila jambo alianza na jina lake, akitafuta neno limetoka wapi. (Wataalamu wa leo wasema kwamba mara nyingi alikosea katika maneno hayo, lakini kwa miaka mia nyingi watu wa Ulaya walijifunza kwake.) Alifariki mwaka 636, akiwa mzee, katika mji wake, na mwaka 1722 alitangazwa kuwa Mwalimu wa Kanisa.

Miaka zaidi ya 400 baadaye akazaliwa Isidori mwingine huko huko Hispania, mjini Madrid, nayo habari ya wazee yasema kwamba wazazi wake walimpa jina la yule askofu. Je, naye akawa mwenye vitabu? Hapana. Alilima mashamba ya tajiri mmoja, akifuata jembe lililokokotwa na maksai, maisha yake yote. Kila asubuhi aliingia kanisani kabla ya kazi, na wenzake wakamshitaki kwa bwana wake kwamba achelewa. Husimuliwa ya kuwa bwana huyo alipokwenda kumvizia, aliona malaika wakilima kando yake. Mkewe, Maria, ni Mwenye heri pia. Mwaka 1622 Papa Gregori XV alimtangaza mkulima huyu kuwa mtakatifu, siku moja na Inyasi wa Loyola, Fransisko Saveri, Teresa wa Avila na Filipo Neri. Nafurahi kila nisomapo orodha hiyo, maana huyo mmoja mikono yake ilifanana na yetu.

Tena jina hili halikukaa kwa Wakristu peke yao. Mwaka 1898 alizaliwa mtoto wa Kiyahudi, mahali palipo leo katika nchi ya Polandi, akachukuliwa Marekani angali mchanga. Wazazi wake walimpa jina la Israeli. Siku ya kuandikishwa shuleni mama yake alitaja jina la kifupi la nyumbani, «Izzy», na mwandishi wa shule akadhani ni kifupi cha Isidori, akaandika hivyo. Akaitwa Isidor Rabi mpaka kufa kwake mwaka 1988. Mwaka 1944 alipata tuzo ya Nobel kwa uchunguzi wake juu ya sumaku iliyomo ndani ya chembe ndogo kabisa za vitu, na kutokana na elimu hiyo zilitengenezwa baadaye mashine za hospitali zinazoonyesha ndani ya mwili bila kuupasua. Jina lake lilitoka katika kosa la karani. Je, kosa la karani lingewezaje kumwekea mtu ajali?

Sasa tumfikie Bakanja. Alizaliwa katika jimbo la Equateur, karibu na mwaka 1887. Akiwa kijana alikwenda Mbandaka, wakati ule Coquilhatville, kuwasaidia waashi. Huko alijifunza dini kwa mapadri Watrapisti, akabatizwa tarehe 6 Mei 1906, akapewa rozari na skapulari ya Bikira Maria. Kisha akaenda mbali, katika kambi ya kampuni ya mpira, kuwa mtumishi wa nyumbani wa Mzungu mmoja. Pale hapakuwa na padri. Bakanja aliwafundisha wenzake sala baada ya kazi, wala hakuna aliyemtuma kufanya hivyo. Meneja wa Ikili aliwachukia wamisionari. Akamwamuru aache kufundisha, akamwamuru avue skapulari. Hakuivua. Mwaka 1909 akapigwa mapigo zaidi ya mia, kwa mjeledi wa ngozi ya tembo wenye misumari, kisha akafungwa mnyororo miguuni. Madonda hayakupona. Wamisionari walipomfikia walimwomba amsamehe aliyempiga. Akajibu ya kuwa hana hasira naye, na ya kuwa atamwombea mbinguni. Alifariki mwezi wa Agosti mwaka huo huo. Tarehe 24 Aprili 1994 Papa Yohane Paulo II alimtangaza Mwenye heri.

Nilimwambia bibi: mama, katika miaka ile ya mpira watu wengi wa Equateur walipigwa fimbo hata kufa. Hao waliitwaje? Karibu wote walikuwa na majina ya mababu tu, wala hawakuwa hata na habari ya Isidori yeyote. Fimbo ilitoka katika tamaa na chuki ya watu. Haikutoka katika daftari la ubatizo.

Tena kumbukeni mwaka 1972, serkali ya Zaire ilipokataza majina ya Kikristu. Wakina Isidori waliokuwa wamebatizwa waliitwa kwa majina ya mababu yao tu, kazini na shuleni. Je, ubatizo wao ulifutika? La, hasha. Walibatizwa kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu, na jina hilo ndilo lenye nguvu katika sakramenti. Somo wetu hutuombea kwa Mungu, nasi twautazama mfano wake. Hatuuziwi ajali yake.

Bibi alinyamaza kitambo. Kisha akauliza jambo moja tu: jina la marehemu mumewe, ambalo alitaka mtoto aitwe, litapotea? Nikamjibu: Isidori hakuacha kuwa Bakanja, na Papa mwenyewe aliyataja yote mawili kule Roma.

Dominika ile alimbeba mtoto mwenyewe mpaka kwenye maji. Nyumbani humwita kwa jina la babu.