Watoto wa Familia za Kichina Mississippi: Namna Sheria Ilivyofunga na Kufungua Milango ya Shule

Mwezi Novemba, 1927, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba mtoto mwenye asili ya China, ingawa alizaliwa nchini humo na ni raia, anaweza kuzuiwa kusoma katika shule ya Wazungu ya mji wake. Uamuzi huo, uliotokana na shauri la familia ya mwenye duka katika mji mdogo wa Rosedale, Jimbo la Mississippi, unaeleza kwa kiasi kikubwa mazingira waliyokulia watoto wa wahamiaji wa Kichina kusini mwa Marekani.

Eneo liitwalo Delta ya Mississippi liko kaskazini-magharibi mwa jimbo hilo, kati ya Mto Mississippi na Mto Yazoo, na limejulikana kwa muda mrefu kwa kilimo cha pamba. Wachina wa kwanza walifika huko baada ya Vita ya Wenyewe kwa Wenyewe iliyomalizika mwaka 1865, pale wenye mashamba walipotafuta vibarua kufuatia kuachwa huru kwa watumwa Weusi. Wengi walitoka Guangdong, kusini mwa China. Ujira wa shambani ulikuwa mdogo, hivyo wakageukia biashara ya maduka ya vyakula.

Mwaka 1882 Marekani ilitunga sheria ya kuzuia vibarua wa Kichina kuingia nchini humo. Katazo hilo halikuwahusu wafanyabiashara. Kwa sababu hiyo, duka halikuwa chanzo cha riziki pekee, bali pia lilimpa mwenye nalo hadhi ya kisheria iliyomwezesha kuishi na mke na watoto wake.

Kwa kawaida duka na makazi vilikuwa chini ya paa moja: mbele kaunta na rafu za bidhaa, nyuma jiko na vitanda. Wateja wengi walikuwa wakulima Weusi waliolima mashamba ya wengine kwa kugawana mavuno. Walichukua mahitaji kwa mkopo na kulipa baada ya pamba kuuzwa. Watoto walipanga bidhaa, walihudumia wateja, na mara nyingi waliwasaidia wazazi wao kwa Kiingereza. Walizungumza Kichina nyumbani, na Kiingereza cha watu wa kusini walipokuwa dukani.

Hata hivyo, kuaminiwa dukani hakukutosha kumpatia mtoto nafasi shuleni. Katiba ya Mississippi ya mwaka 1890 iliagiza kuwepo kwa shule tofauti za watoto wa Kizungu na za watoto walioitwa "wa rangi", bila kuwataja Wachina. Pengo hilo liliacha hatima ya mtoto wa Kichina mikononi mwa viongozi wa shule wa mahali alipoishi.

Mwezi Septemba, 1924, Martha Lum, binti wa mwenye duka Gong Lum, aliambiwa kuwa hataruhusiwa kuendelea na masomo katika shule ya Wazungu ya Rosedale kwa sababu ya asili yake. Wazazi wake walifungua shauri kupitia wakili Earl Brewer, aliyewahi kuwa gavana wa jimbo hilo. Walishinda katika mahakama ya chini, lakini Mahakama ya Juu ya Mississippi ikatengua ushindi huo mwaka 1925. Miaka miwili baadaye majaji wote wa Mahakama ya Juu ya Marekani, chini ya Jaji Mkuu William Howard Taft, walikubaliana kuwa jimbo lina mamlaka ya kumweka Martha katika kundi la watoto "wa rangi".

Ikumbukwe kwamba shauri hilo halikupinga utaratibu wa kuwatenga watoto Weusi, ambao shule zao zilipewa fedha kidogo kuliko za Wazungu. Lilipinga tu mtoto wa Kichina kuwekwa miongoni mwao. Kwa kuacha msingi wa ubaguzi bila kuguswa, hoja hiyo iliiwezesha mahakama kulichukulia jambo hilo kuwa ni suala la kupanga makundi tu. Familia ya Lum ilihamia Elaine, Jimbo la Arkansas, ili mabinti wasome.

Familia nyingine zilitafuta njia tofauti. Katika mji wa Cleveland, Mississippi, shule ya watoto wa Kichina ilifunguliwa mwaka 1937 kwa msaada wa kanisa la Kibaptisti. Sheria ya mwaka 1882 ilifutwa mwaka 1943, ingawa Wachina walitengewa nafasi 105 tu kwa mwaka. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, shule za Wazungu katika baadhi ya miji ya Delta zilianza kuwapokea watoto hao. Tarehe 17 Mei, 1954, Mahakama ya Juu ilitamka kuwa kutenganisha wanafunzi wa shule za umma kwa misingi ya rangi ni kinyume cha Katiba.

Watoto wengi waliokulia nyuma ya maduka hayo walifika vyuo vikuu na kuhamia miji mikubwa, na maduka mengi yakafungwa. Kumbukumbu zao zimehifadhiwa katika makumbusho yaliyopo Chuo Kikuu cha Delta State, Cleveland.

Kwa Tanzania, suala hili limewekwa bayana kisheria. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumbagua mtoto kwa misingi mbalimbali, ikiwemo rangi, lugha, asili na hali ya ukimbizi.